Baba Mkwe, Kompresa na Ukungu wa Boito

Watu wa Boito wana mdomo, na ninasema hivyo kwa sababu ni watu wangu. Waliposikia kwamba baba mkwe wangu ameenda Kericho kununua kompresa ya AC ya gari, walicheka kuanzia kibanda cha kupimia majani chai mpaka posho mill ya kusaga unga. "AC huku kwetu? Si mfungue tu dirisha!" Nikawaambia chekeni, ninyi hamjawahi kuendesha gari saa kumi na mbili asubuhi mkiona kioo cheupe pekee mahali panapofaa kuwa na barabara.

Wacha nieleze, usije ukafikiri tunajifanya matajiri. Huku AC si ya joto. Joto tutalitoa wapi? AC ni ya ukungu. Asubuhi baridi iko nje, pumzi yako iko ndani, na kioo cha mbele kinajifunika chote. Ukifungua dirisha unalowa. Ukiwasha hita inachukua muda na inakuletea usingizi. Lakini ukibonyeza kitufe cha AC, hewa inayotoka imekaushwa, na kioo kinafunguka kabla hujafika barabara kubwa. Kompresa ikifa, hiyo raha imekwisha.

Yangu ilikufa mwezi wa sita. Ilipiga kelele siku mbili, ya tatu ikakwama. Wiki mbili baadaye nilikuwa naenda kazini, mkono mmoja kwa usukani, mwingine unapangusa kioo kwa leso, nikasikia gari limegonga kitu. Ilikuwa nguzo ya kibanda cha majani. Mungu ni mkubwa, wachumaji walikuwa bado hawajafika. Taa ilipasuka, nguzo ikalala chini, na mimi nikakaa pale nikilia kama mtoto. Na mimi si mtu wa kulia ovyo, uliza mtu yeyote.

Jina langu ni Chepkurui. Mimi ni mkunga kwenye hospitali moja upande wa Kaplong. Mume wangu, Vinny, anafanya kazi kiwanda cha simiti Athi River, na huja nyumbani Krismasi na Pasaka. Hata sijamaliza kufagia vioo vya taa, wambea walikuwa wameshampigia simu.

"Chepkurui, hiyo gari tunauza," akasema. "Kuna mtu wa Sotik anaitwa Antony, atakuja kuichukua Jumanne, saa tatu. Wewe tafuta nyumba ya kupanga huko Kaplong, ukuwe unakuja home wikendi."

"Na Baba je?"

"Baba ni mtu mzima," akasema.

Mtu mzima! Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, maana nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na huyo Baba. Mama Nyabate, mkewe, alitutoka miaka mitatu iliyopita. Nyumba ya mzee iko juu, yangu iko chini, katikati ni njia iliyokanyagwa na miguu yangu nikimpelekea chakula. Nikihamia Kaplong, hiyo njia itamea nyasi, na mzee atakuwa anakunywa chai ya rangi na mkate mpaka Jumamosi. Namjua.

Huyo Baba, Mzee Omosa, alitoka Kisii akiwa na miaka kumi na tisa, na shati moja, akaja kutafuta kazi kwenye kiwanda cha chai. Alianza kwa kubeba magunia. Siku moja mashine ya kusaga majani ilikataa kuzunguka vizuri, mafundi wakaizunguka nusu siku, na huyu kijana wa magunia akasema, "Beringi ya nyuma inalia." Wakafungua, wakaikuta. Tangu hapo alikabidhiwa spana, na hakuirudisha mpaka alipostaafu miaka thelathini na mitano baadaye. Huweka ncha ya bisibisi kwa mashine na mpini kwa sikio, anasikiliza, macho amefunga. Binadamu hawasikilizi hivyo. Ukimwelezea jambo lako refu atakwambia "ehe," basi.

Na ni mtu wa mila. Kwa Wakisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi nimelelewa na Wakipsigis, nikaona nimeolewa na hiyo desturi pia. Miaka saba nimekaa hapa, mzee hajawahi kuvuka mlango wangu. Akija ananiita kutoka mbali, anakaa kwa kigoda nje, mvua ikinyesha anasogea chini ya paa, mgongo umebandikwa ukutani. Mwanzoni nilikuwa namwambia, "Baba, si uingie tu, nani anaona?" Anajibu, "Hapa ni pazuri, mokamwana." Ndivyo anavyoniita, mke wa mwana. Nami sijawahi kumpa mkono. Heshima yetu inapita kwa sahani na kikombe.

Hayo ya Antony nilimwambia nikimpa chai. Aliinywa yote, akamwaga masalio kwa nyasi, akaweka kikombe chini.

"Kompresa ni boliti nne," akasema.

Kesho yake akaenda Kericho. Akarudi na kompresa iliyotolewa kwa gari la Japani, ikizunguka vizuri, na kikopo cha alumini ambacho mafundi hukiita draya. Ndani ya hicho kikopo kuna chembe zinazokunywa unyevu, ili maji yasizunguke pamoja na gesi. Alhamisi akamwita Kipsang, kijana anayetengeneza matangi ya kupozea maziwa ya ushirika, naye akatoa gesi iliyokuwa imebaki kwenye gari. Wakaelewana kwamba mzee afunge vyuma, na Jumapili Kipsang arudi na pampu yake ya kuvuta hewa na geji, aweke gesi mpya. Nilikuwa na siku za mapumziko mpaka Jumatatu. Nikaona Mungu ametupangia.

Ijumaa alianza mapema, gari likiwa mbele ya mlango wangu. Kwanza alitandika gunia jeupe, safi, akapanga vyombo vyote kama vile daktari: spana kwa ukubwa wake, mipira ya mabomba, kompresa, draya. Na kila chenye kifuniko akakifunua. Ndivyo alivyofunzwa kiwandani, kila kitu kiwe tayari ili mkono usitafute. Nilipenda kumwangalia. Tangu Mama Nyabate aondoke sikuwa nimemsikia akipiga mluzi, na siku hiyo alipiga wimbo wa kanisa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lakini boliti nne si boliti nne zikiwa zimeshika kutu. Saa nne mvua ikaja, tukafunika kwa turubai. Saa nane akarudi, boliti ya mwisho ikamgomea mpaka saa kumi na moja. Kompresa ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, akaizungusha kwa mkono mara kumi ili mafuta yafike kote, akaifunga. Yalibaki mabomba na draya. Saa moja ya kazi, labda chini ya hapo.

Hapo jua likazama. Mzee Omosa ni Msabato.

Aliangalia juu ya mlima, akaanza kupangusa spana moja moja.

"Baba, si imebaki kidogo tu?"

"Sabato imeingia, mokamwana."

Akavuta turubai juu ya boneti na juu ya gunia, akaweka mawe pembeni, akaenda kuoga. Mabomba yalikuwa wazi, draya iko wazi. Kiwandani, kila Ijumaa jioni alikuwa anaweka spana chini hivyo hivyo, na kulikuwa na mwenzake wa zamu wa kuziba alichoacha wazi. Miaka thelathini na mitano. Kwa hivyo hakufikiria, na mimi nitajuaje, mimi ni wa watoto na kitovu. Jumamosi yote alikuwa kanisani na suti yake ya kijivu, na ukungu ukakaa juu ya Boito kutoka asubuhi mpaka jioni.

Jumapili Kipsang akafika na pikipiki, pampu imefungwa nyuma. Akainua turubai, akachukua kile kikopo, akakipima kwa mkono.

"Mzee, hii mlifungua lini?"

"Ijumaa asubuhi."

Kipsang akakuna kichwa. "Aii, pole. Hii imekunywa maji siku mbili. Haiwezi kazi tena. Hata mabomba yamelowa ndani, lakini hayo nitavuta na pampu. Draya lazima mpya, na hii ya gari yako ni Kericho tu, na duka leo imefungwa."

Sasa mimi nikahesabu haraka. Jumatatu, halafu Jumanne na Antony wa Sotik mlangoni. Hasira yangu haigongi hodi, huwa naiona ikiwa imeshaingia na kukaa.

"Baba, ni Mungu gani huyo anayekataza mtu kufunika kikopo? Kifuniko tu! Umekaa kanisani siku nzima na gari inakunywa maji huku! Basi kaa na hiyo Sabato yako, mimi naenda Kaplong!"

Wee! Kipsang aliangalia pikipiki yake kama inayoweza kumficha. Mimi mwenyewe nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka ng'ambo ya chai. Mke wa mwana hampazii sauti baba mkwe, si kwao, si kwetu, na nilikuwa nimempazia na kumgusa Mungu wake juu yake.

Mzee alikunja lile gunia jeupe kwa mara nne, akaliweka kwapani, akapanda njia kwenda kwake.

Mchana nikampelekea ugali na mboga ya managu kwa maziwa, ile anayopenda. Nikaweka kwa kigoda chake, nikabisha, nikaondoka. Nilirudi saa kumi, sahani iko pale, nzi wanaifurahia. Nilijihisi kama nimeua mtu.

Nikakimbia kwa dada yake, shangazi Marcella, anayeishi chini kando ya mto na ambaye hamuogopi mtu yeyote. Nikamweleza kila kitu nikilia. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha.

"Ulimwambia 'ni Mungu gani'?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ehe. Mimi nilimwambia mabaya kuliko hayo siku ya kugawa ng'ombe za baba yetu, na bado tunasalimiana." Akapeperusha ungo. "Lakini usiende kumwaga maneno ya samahani huko. Omosa hasikii maneno. Anasikia kazi."

Nilirudi nikifikiria hilo njia yote. Nikasimama mbele ya gari, boneti iko wazi, na ule ukungu wetu umeanza kushuka tena. Mabomba yalikuwa yananitazama midomo wazi. Ndani ya gari huwa naweka boksi la glavu, kwa sababu kuna akina mama ambao uchungu huwashika barabarani na mtoto hangoji hospitali. Nikachukua glavu tatu, nikakata vidole kwa makasi, nikavalisha kila mdomo wa bomba kidole kimoja na kukifunga kwa raba, mara mbili. Vilisimama pale, vyeupe, vimenyooka. Gari lilionekana kama linaomba ruhusa ya kuongea darasani.

Jumatatu asubuhi nikapanda na chai. Mlango wa mzee una kufuli. Koti lake kubwa halipo kwa msumari wa barazani, na simu yake imezimwa, lakini hiyo huwa imezimwa kila siku, anasema anahifadhi moto wa betri. Nikampigia Marcella.

"Labda ameenda Kisii," akasema, na mara hii hata yeye sauti yake haikuwa na mzaha.

Nilikaa na hilo neno mpaka mchana. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilijiambia, Chepkurui, ulikuwa unaogopa kumwacha mzee peke yake, na sasa umemfukuza kwake kwa mdomo wako mwenyewe. Kama Vinny angekuja wakati ule na kusema gari liuzwe, ningempa ufunguo.

Saa saba nikaona mtu anateremka katikati ya chai. Ni yeye. Koti limefungwa mpaka shingoni na mkono ameubana kwa kifua. Nikafikiri ni moyo. Nikamkimbilia kama mkunga, si kama mke wa mwana, nikasimama hatua mbili mbele yake kwa sababu mila nayo ina breki zake.

"Baba, unaumwa?"

Akafungua vifungo vya koti, polepole, akatoa boksi dogo lililofungwa kwa gazeti. Draya mpya, vifuniko vyote viwili vikiwa mahali pake. Alikuwa ameibeba kutoka Kericho ndani ya koti kama kifaranga.

"Nilifika duka kabla halijafunguliwa," akasema. Akatazama chini. "Chai ikikauka haiachwi wazi, inakunywa hewa. Hiyo kitu nimefunza vijana kiwandani mpaka wakachoka na mimi. Halafu mimi mwenyewe nikaacha wazi. Kufunika si kazi. Hata ng'ombe akianguka kwa shimo siku ya Sabato unamtoa."

"Baba, mimi ndiye nimekosa. Nili..."

"Ehe," akasema, na nikajua hapo pamefungwa.

Akafika kwa gari, akainama chini ya boneti. Halafu mabega yakaanza kutingika, nikafikiri analia, kumbe mzee anacheka. Anacheka mpaka ameshika boneti!

"Nani amevalisha gari glavu?"

"Ni mimi."

Akagusa kidole kimoja, akavuta raba kuona kama imekaza. "Hata kiwandani," akasema, "hakuna mtu wa zamu alinifungia namna hii." Na kwa Mzee Omosa hiyo ni hotuba nzima. Siku hiyo alikula ugali wote na kuomba mchuzi zaidi.

Nikampigia Kipsang, akaja saa nane, ananiangalia kwa jicho la pembeni. Mzee aliondoa vidole kimoja kimoja, bomba likifunguliwa linafungwa hapo hapo na mpira wake mpya uliopakwa mafuta. Draya iliwekwa mwisho kabisa, vifuniko vilitolewa wakati mabomba yako tayari kuingia. Pampu ikanguruma kwa saa mbili na nusu, kuvuta ile hewa ya Boito yote iliyokuwa imeingia. Wakaizima, wakakaa kutazama mshale wa geji nusu saa nzima, kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Haukusogea, kumaanisha hakuna panapovuja. Gesi ikaingia. Nikawasha gari, nikabonyeza kitufe, kompresa ikashika kwa mlio mdogo, tak. Mzee akaweka bisibisi kwa sikio, akafunga macho.

"Inaongea vizuri," akasema.

Lakini hapo jua lilikuwa linawaka. Ukungu ndio mtihani wenyewe, na ukungu wetu hufika asubuhi.

Jumanne saa kumi na mbili nilimkuta amesimama kando ya gari, suti ya kijivu, kofia mkononi. Siku zote akipanda gari langu anakaa nyuma, pembeni kabisa, upande wa pili, heshima ikiwa imekaa katikati yetu. Mara hii alizunguka akafungua mlango wa mbele.

"Baba?"

"Nyumba yako siingii," akasema, akiketi. "Lakini hii si nyumba. Na kutoka nyuma sioni kioo."

Tukatoka. Pale kwenye bonde la kwanza ukungu ukatumeza. Pumzi zetu mbili zikapanda kwa kioo na dunia ikafungwa nyeupe, kama ile asubuhi ya nguzo. Nikabonyeza.

Hakuna kitu. Nikahesabu kimoyomoyo, kama ninavyohesabu mtoto akizaliwa na hajalia. Halafu chini kabisa ya kioo ukatokea mstari mweusi mwembamba, ni lami. Ukapanda. Ikaja nyasi ya kando, ukaja mstari wa katikati, ikaja michai, wachumaji na vikapu mgongoni, na kile kibanda cha majani na nguzo yake mpya. Niliona kila kitu. Nikaangalia upande, mzee alikuwa anatazama mbele, sikio ameliinamisha kwa dashibodi.

Kwenye njia panda akasema nimwache hapo, atarudi kwa miguu. Nikasimama. Hakushuka mara moja.

"Huyo Antony akija saa tatu," akasema, "nitampa chai. Nitamwambia gari imeenda kazini."

"Na Vinny?"

"Vinny ni mtoto wangu. Huyo niachie." Akageuza kofia mkononi. "Basi jioni utakuwa unarudi?"

Alikuwa ameuliza kwa sauti ndogo sana. Miaka saba sijawahi kusikia mzee huyu akiniuliza kitu ambacho anaogopa jibu lake. Nampenda huyu mzee, wacha niseme tu, nampenda kama aliyenizaa.

"Nitarudi, Baba. Kila jioni."

"Ehe," akasema. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akavuka barabara mbele ya gari akienda zake nyumbani, na kupitia kile kioo nilimwona vizuri, mpaka mvi za nyuma ya shingo.